Maji, Chuma au Lifti? Mvutano Kuhusu Uzito wa Nyuma Katika Matrekta ya Zamani

Msimu wa kulima ukikaribia, mwenye Massey Ferguson ya zamani hupokea ushauri usioafikiana. Fundi mmoja humwambia ajaze maji matairi ya nyuma. Mwingine humwonya kwamba maji yataozesha rimu, heri atafute vyuma vya uzito avifunge kwa bolti. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyefungua giaboksi nyingi kuliko wenzake, hushikilia kwamba uzito wa kuongeza ndio unaokata shafti za ekseli. Dereva naye ana lake: trekta jepesi halili mafuta mengi barabarani, na kazi za trela ndizo zinazoleta fedha miezi ambayo hakuna kulima.

Mkanganyiko huu unagharimu. Anayelima mashamba ya watu hulipwa kwa ekari, na kila mzunguko wa gurudumu ambao haukusogeza plau ni dizeli aliyoichoma kwa hasara yake. Vilevile anayebeba kilo mia kadhaa asizozihitaji huzilipia mwaka mzima, kilimani na kwenye lami. Washauri wote wanne wana sehemu ya ukweli. Kinachowatenganisha ni kwamba kila mmoja anaizungumzia mashine yake, udongo wake na kazi yake, kisha anatoa hukumu kwa matrekta yote.

Tairi ndilo linalovuta

Injini huzalisha nguvu, na giaboksi huibadilisha kasi kuwa msukumo, lakini plau husogea kwa sababu tairi limeshika ardhi. Mshiko huo hutegemea mambo mawili makubwa: uzito ulio juu ya tairi na udongo ulio chini yake. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, tairi la trekta kwenye shamba kavu lililoshikana huweza kuvuta karibu nusu ya uzito unaolikandamiza. Kwenye udongo uliokwisha kutifuliwa, kiwango hicho hushuka hadi kama asilimia 40. Kwenye mchanga mlegevu au tope, huwa asilimia 30 au pungufu.

Chukua MF 135, trekta lililoanza kuuzwa mwaka 1964 na ambalo bado linafanya kazi katika mashamba ya Kenya na Tanzania. Lina nguvu-farasi 45 hivi na uzito wa karibu tani moja na nusu. Tuseme kilo 1,000 kati ya hizo ziko nyuma. Kwenye ardhi iliyoshikana, matairi yake yanaweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 500 hivi kabla hayajaanza kuzunguka bure. Kila tairi la nyuma likitiwa lita 150 za maji, kilo 300 zinaongezeka na mvuto unapanda hadi kilo 650. Hilo ni ongezeko la asilimia 30, kwa gharama ya maji na jasho.

Sasa itazamwe injini. Kuvuta kilo 650 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa kunahitaji nguvu-farasi 12 hivi kwenye ndoano. Hata zikijumlishwa hasara za gia na zile za tairi kupita kwenye udongo, injini ya nguvu-farasi 45 bado ina akiba kubwa. Mwendo ukipanda hadi kilomita 10 kwa saa, nguvu inayohitajika huongezeka maradufu, na injini iliyochoka huanza kukohoa kabla tairi halijateleza. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Uzito wa nyuma husaidia pale tu ambapo tairi hushindwa kabla ya injini. Injini ikishindwa kwanza, kilo za ziada hazina cha kuongeza isipokuwa matumizi ya mafuta.

Jambo jingine husahaulika: tairi linalovuta halina budi kuteleza kidogo. Kwa trekta linaloendeshwa na magurudumu mawili, mtelezo unaofaa shambani ni kati ya asilimia 10 na 15. Ukivuka 20, muda na mafuta hupotea kwa kasi. Trekta linaloteleza kwa asilimia 30 hutumia muda wa zaidi ya moja ya tano juu ya ule ambao lingetumia kwa asilimia 15, kwa ekari ileile na gia ileile. Mtelezo kuwa chini ya asilimia 8 nako si ushindi. Hiyo ni dalili kwamba trekta ni zito kuliko kazi yake.

Ferguson na trekta jepesi

Sehemu ya ubishi huu inatokana na historia ya mashine zenyewe. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, alitumia miaka mingi kupinga dhana kwamba trekta lenye nguvu lazima liwe zito. Badala ya kukokota plau kwa mnyororo nyuma ya trekta, aliifunga kwa mikono mitatu na kuiunganisha na lifti ya haidroliki inayohisi mvuto kupitia mkono wa juu. Plau inapopambana na udongo mgumu, lifti huinyanyua kidogo. Sehemu ya uzito wa plau, na nguvu ya udongo unaoivuta chini, huhamia kwenye magurudumu ya nyuma. Kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo trekta linavyozidi kukandamizwa ardhini.

Mfumo huo ndio uliobebwa na Ferguson TE20, trekta lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni. Baada ya Ferguson kuungana na Massey-Harris mwaka 1953, ukarithiwa na Massey Ferguson, na MF 135, 165, 240 na 290 zote ni watoto wa wazo hilo. Ndiyo maana mtu anayesema kwamba trekta la aina hii halihitaji uzito wa ziada ana msingi. Mbuni wake alikusudia hivyo.

Lakini Ferguson alikuwa akifikiria plau ya Ulaya yenye bapa la kugeuza udongo. Bapa hilo likishaingia ardhini hujivuta lenyewe kwenda chini, na mvuto huo ndio unaolisha lifti. Afrika Mashariki hulima kwa plau ya diski. Diski hubiringika; huingia kwenye udongo kwa uzito wa plau yenyewe na kwa pembe iliyowekwa, wala hazijivuti chini kama bapa. Lifti ikijaribu kubeba sehemu ya uzito huo ili kuyakandamiza magurudumu, diski hupanda juu na kukwaruza tu. Kwa hiyo faida ambayo mkulima wa Coventry aliipata kwenye lifti, mkulima wa Babati au Kitale anaipata nusunusu. Hoja ya “lifti inatosha” ni sahihi kwa plau iliyokuwa akilini mwa mbuni. Kwa plau iliyoko shambani kwetu, hudhoofika.

Kuna chanzo cha pili cha mkanganyiko, nacho kinatoka Marekani. Tangu 1920, chuo kikuu cha Nebraska kimekuwa kikipima matrekta na kuchapisha takwimu za mvuto. Vipimo vingi vya mvuto mkubwa vilifanywa kwa matrekta yaliyoongezewa uzito, tena kwenye njia ya zege, ambako tairi hushika vizuri kuliko kwenye shamba lolote. Takwimu hizo zikinakiliwa kwenye vijitabu bila maelezo, mnunuzi wa trekta kuukuu hudhani trekta lake limeugua kwa kuwa halifikii namba aliyoisoma.

Vivyo hivyo kwa kanuni inayotaka trekta liwe na kilo 50 hadi 65 kwa kila nguvu-farasi. Kwa MF 135 ingemaanisha uzito wa tani 2.25 hadi karibu 3, yaani mara moja na nusu hadi mara mbili ya uzito wake wa kiwandani. Kanuni hiyo ilitokana na matrekta makubwa yanayokokota zana nzito zenye magurudumu yake yenyewe. Kuitumia kwa trekta dogo la mikono mitatu ni kulivisha kiatu kisicho chake.

Upande wa maji

Maji yana sifa moja isiyo na mpinzani: bei. Lita moja ni kilo moja, na inapatikana kisimani. Tairi la 12.4-28, lililozoeleka kwenye MF 135, hupokea karibu lita 150 likijazwa robo tatu. Tairi la 16.9-28 huchukua lita 280 hivi, na la 18.4-30 hukaribia 360. Mwenye MF 290 yenye matairi makubwa anaweza kuongeza kilo 700 bila kununua kipande cha chuma.

Katika nchi za baridi maji huchanganywa na chumvi ya kalisi ili yasigande, na chumvi hiyo ndiyo iliyoharibu rimu nyingi na kuyapa maji sifa mbaya. Hapa kwetu, hata nyanda za juu za Njombe au Molo, maji ndani ya tairi hayagandi. Chumvi haihitajiki, na kisima chenye maji ya chumvi kiepukwe. Tairi likiwa na tyubu nzima, maji hayagusi rimu kabisa. Kwa hiyo hofu ya kutu, inayorudiwa sana, ina ukweli mkubwa kwa Iowa na mdogo kwa Iringa, mradi tyubu ni nzima.

Udhaifu wa maji uko kwingine. Kwanza, hayatoki upesi. Mkulima aliyemaliza kulima Januari na kuanza kusomba mahindi kwa trela baadaye hawezi kuyamwaga jioni moja na kuyarudisha kesho. Pili, tairi lenye maji hubaki na nafasi ndogo ya hewa, hivyo huwa gumu. Kwenye barabara ya murramu mtikisiko wote humwishia dereva na sahani za magurudumu. Tatu ni pancha. Tairi la nyuma lenye maji, pamoja na rimu yake, linaweza kupita kilo 400. Likimlalia fundi wa pancha, linaua. Kazi hiyo inahitaji watu wa kutosha na jeki imara, na maji yatolewe kabla tairi halijafunguliwa.

Jinsi ya kujaza nayo ina maana yake. Trekta huinuliwa kwa jeki na vali huwekwa juu kabisa, saa sita. Maji huingizwa kutoka pipa lililowekwa juu, huku hewa ikiachwa itoke mara kwa mara, hadi maji yaanze kutokea kwenye vali. Hiyo ndiyo robo tatu. Kujaza zaidi ya hapo hulinyima tairi mto wa hewa unaolikinga dhidi ya mawe. Baada ya hapo hewa hutiwa hadi kipimo cha mtengenezaji wa tairi, vali ikiwa bado juu ili kipima upepo kisinywe maji.

Upande wa chuma

Vyuma vya uzito vilitengenezwa na viwanda vyenyewe kama vipuri vya hiari: sahani au vipande vya chuma cha kumimina, vyenye matundu ya bolti yanayolingana na ya gurudumu. Faida yake kubwa si uzito. Ni kwamba vinafunguka. Watu wawili wenye spana na gogo la kuegemezea huvitoa kwa muda mfupi, na trekta likaenda kwenye trela likiwa jepesi. Havigusi hewa ya tairi, havitoboki, na tairi hubaki na ulaini wake.

Tatizo ni upatikanaji. Vyuma vya asili vya trekta la miaka ya 1960 au 1970 ni adimu, na vya Ford havikubali matundu ya Massey. Matrekta haya ya zamani hubadilishiwa upana wa magurudumu kwa kugeuza rimu na sahani, na chuma kilichokaa vizuri upande mmoja huweza kugonga kitu kingine rimu ikigeuzwa. Kwa hiyo mafundi wa mtaani hubuni: magurudumu ya injini za malori, ngoma kuukuu za breki, au zege iliyomiminwa ndani ya sahani ya gurudumu.

Ubunifu huo una mipaka yake. Chuma cha kumimina kina uzito wa kilo 7 na kidogo kwa lita moja ya ujazo; zege ina kilo 2.4. Kupata kilo 100 kwa zege kunahitaji nafasi mara tatu, na zege iliyopasuka kwa mitikisiko ya murramu huacha vipande vinavyogonga. Ngoma za breki zikifungwa kwa bolti nene zinazopita kwenye matundu yaliyopo, zikalingana pande zote mbili, zinaweza kufanya kazi. Nati zikaguliwe baada ya saa chache za kwanza, kisha kila wiki ya kulima.

Lisilokubalika hata kidogo ni kuchomelea uzito kwenye rimu ambayo tairi liko juu yake. Joto la kuchomelea huunguza mpira kwa ndani na kuzalisha gesi, na tairi hulipuka kwa nguvu ya kuua, hata kama upepo umetolewa. Ajali za namna hii zimeua mafundi katika nchi nyingi. Anayetaka kuchomelea chochote kwenye rimu alitoe tairi kwanza, bila mjadala.

Wanaopinga: shafti, gia na udongo

Fundi anayesema uzito hukata ekseli anastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu anakosea mahali pamoja na kupatia mahali pengine.

Anapokosea ni hapa. Uzito uliofungwa kwenye gurudumu, uwe maji au chuma, hauilemei ekseli kwa kuikunja wala haubonyezi beringi zake. Unapita moja kwa moja kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi na kwenda ardhini. Plau nzito iliyoinuliwa, magunia yaliyopangwa juu ya lifti, au mawe yaliyowekwa kwenye fremu ya plau, hayo ndiyo yanayoikunja ekseli. Wengi huogopa maji kwenye tairi na papo hapo hupakia mawe juu ya plau.

Anapopatia ni kwenye nguvu ya kukaza. Tairi linaloteleza ni kinga ya giaboksi. Kabla shafti haijafikia mwisho wa uwezo wake, tairi linaachia. Uzito ukiongezwa, tairi linakataa kuachia, na mzigo wote unaishia kwenye shafti, difu, gia na klachi. Katika MF 135 shafti ya ekseli hutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu bila gia nyingine katikati, kwa hiyo hubeba nguvu nzima ya kuzungusha gurudumu. Baadhi ya matrekta makubwa ya ukoo huohuo yana gia za kupunguza mwendo mwishoni mwa ekseli, hivyo shafti zake hukazwa kwa nguvu ndogo kuliko ile inayolizungusha gurudumu lenyewe. Fundi wa Mbulu aliyezoea MF 135 na mwenzake wa Uasin Gishu aliyezoea mashine kubwa wanaweza kubishana mwaka mzima, na kila mmoja akawa sahihi kwa trekta lililo mbele yake.

Kuhusu udongo, hoja ya kwamba uzito hushindilia ardhi ni ya kweli lakini mara nyingi hutiwa chumvi. Ushindiliaji wa tabaka la juu hutegemea zaidi upepo ulio ndani ya tairi. Ule wa kina kirefu hutegemea mzigo wa ekseli. Wataalamu wa udongo huanza kuhofia madhara ya kina cha sentimita 40 na zaidi pale ekseli moja inapopita tani 6. Trekta kuukuu lenye maji, kwa jumla yake yote, halifiki huko. Hatari yake halisi ni gurudumu linalotembea ndani ya mfereji wa plau, juu kabisa ya udongo wa chini ambao haujaguswa. Huko ndiko tabaka gumu hujengeka mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, tairi linalozunguka bure ndani ya mfereji huo huusugua na kuulainisha udongo mbichi hadi maji yasipenye. Kwa hiyo kuacha trekta jepesi liteleze hakuuokoi udongo.

Udongo hauamui kwa namna moja

Katika udongo mwekundu ulioshikana wa Trans Nzoia, au nyanda za ngano za Hanang, uzito hulipa vizuri zaidi: nusu yake hurudi kama mvuto. Katika mchanga wa sehemu za Singida na Dodoma, kilo ileile hurudisha theluthi au pungufu, huku tairi likizama na kujichimbia njia. Hapo tairi pana au upepo uliopunguzwa ndani ya kiwango cha mtengenezaji husaidia kuliko chuma.

Udongo mweusi wa mbuga ni kesi ya pekee. Ukiwa mkavu ni mgumu mno, na malalamiko kwamba trekta halina nguvu mara nyingi ni malalamiko kwamba diski haziingii. Dawa yake ni uzito na pembe ya plau. Uzito wa tairi hauingizi diski ardhini. Ukiwa umelowa, udongo huohuo hujaza meno ya tairi na kuligeuza kuwa laini. Kilo 300 za maji hapo huzamisha trekta tu. Siku chache za katikati, unyevu ukiwa wa kiasi, ndizo pekee ambazo uzito unafanya kazi, na mkulima mzoefu wa mbuga huzikimbilia.

Kwenye majaruba ya mpunga ya Mwea na Mbarali mjadala wote huisha. Kazi ya kuvuruga tope hufanywa kwa magurudumu ya vyuma yenye mabawa, yanayoeneza uzito na kushika tope kwa upana. Kuongeza uzito pale ni kutafuta winchi ya kulinasua trekta.

Kuna pia suala la mwinamo. Trekta linapolima, magurudumu ya kulia huwa ndani ya mfereji na ya kushoto juu ya ardhi isiyolimwa. Trekta hulalia kulia, gurudumu la kushoto hubaki jepesi, nalo ndilo linaloanza kuzunguka. Kwa kuwa difu hugawa nguvu sawa, mvuto wa trekta zima hushuka hadi kiwango cha gurudumu hilo dhaifu. Wapo wanaofunga uzito mwingi zaidi kushoto. Inafanya kazi shambani, lakini barabarani trekta huvuta upande mmoja linapofunga breki. Kufunga difu kwa pedali yake kwenye mstari ulionyooka, na kuiachia kabla ya kukata kona, humaliza tatizo hilo bila kilo yoyote. Kwenye mashine nyingi za zamani pedali hiyo imeganda kwa kutu kwa sababu haijawahi kukanyagwa.

Mbele kunyanyuka

Magurudumu ya mbele yanapaswa kubeba angalau asilimia 20 ya uzito wote ili usukani utii. Plau ya diski tatu ikiinuliwa nyuma ya trekta dogo huweza kuyanyanyua. Uzito wa magurudumu ya nyuma hauongezi wala haupunguzi kilo za mbele, kwa kuwa umekaa juu ya mstari wa ekseli. Dawa ya usukani mwepesi ni vyuma vya mbele, na anayeongeza maji nyuma kwa matumaini ya kutuliza pua ya trekta amepoteza maji yake.

Hatari kubwa zaidi huja msimu wa mvua, trekta linapoitwa kunasua lori au kung’oa kisiki. Trekta jepesi likishindwa, matairi huzunguka na dereva huachia. Trekta zito linaloshika vizuri haliachii. Ikiwa mnyororo umefungwa juu, kwenye mkono wa lifti au kwenye ekseli, mwili wa trekta huizunguka ekseli yake na kupinduka kinyumenyume kwa muda usiozidi sekunde mbili. Hakuna dereva mwepesi kiasi cha kukanyaga klachi ndani ya muda huo, na matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya kumkinga. Anayeongeza uzito nyuma ameondoa kinga moja ya bahati. Mnyororo sasa lazima ufungwe kwenye ndoano ya chini pekee.

Kwa upande wa trela, uzito una sura mbili. Kwenye tambarare ya murramu au lami ni mzigo mtupu. Kwenye miteremko ya Karatu au Mbulu, ambako trekta lenye breki za nyuma pekee linashusha trela lisilo na breki, magurudumu mazito hushika barabara na kupunguza uwezekano wa trela kulisukuma trekta likajikunja. Trela la ekseli moja hukandamiza ndoano, hivyo lenyewe huongeza uzito nyuma. La magurudumu manne halifanyi hivyo.

Kupima kabla ya kuamua

Ubishi huu unaweza kuamuliwa shambani kwa chaki na vijiti viwili. Tairi la nyuma hutiwa alama. Plau ikiwa ardhini kwa kina cha kawaida na gia ya kawaida, kijiti cha kwanza huchomekwa, tairi huhesabiwa mizunguko 10, kisha huchomekwa cha pili. Trekta hurudi mwanzo na kupita umbali uleule plau ikiwa juu. Likihitaji mizunguko 8 na nusu, mtelezo ni asilimia 15, na hakuna sababu ya kununua chochote. Likihitaji 7, mtelezo ni asilimia 30, na hoja ya uzito imeshinda. Likihitaji 9 na nusu huku injini ikilia na kutoa moshi mweusi, tatizo liko kwenye injini, gia iliyochaguliwa au upana wa plau.

Mtelezo ukithibitika, mpangilio wenye mantiki huanza na visivyogharimu: difu ifungwe, pembe ya diski na urefu wa mkono wa juu virekebishwe, upepo wa matairi uwekwe sawa, na meno ya tairi yatazamwe. Kwa giaboksi yenye mlio au historia isiyojulikana, kuondoa diski moja ni busara kuliko kuongeza kilo 300. Shafti iliyokatika katikati ya msimu hula faida ya ekari nyingi sana.

Kwa MF 135 au 240 yenye afya, inayolima kwa diski mbili kwenye ardhi iliyoshikana na kufanya kazi chache za trela, maji ndiyo chaguo bora, hadi usawa wa vali. Kwa mwenye trekta linalogawa mwaka kati ya kulima na kusomba, vyuma vina thamani kuliko bei yake inavyotisha, kwa sababu vinaondoka kazi inapobadilika. Asiyevipata anaweza kutia maji nusu ya kiwango na kukubali hasara kidogo pande zote mbili. Kwa MF 290 na wenzake wanaovuta diski tatu au nne, maji pekee hutosha karibu kila mara, na kuyajumlisha na vyuma kuwe ni jambo la kupimwa, lisiwe la mazoea. Kwa mpunga na mchanga mlegevu, matairi yabaki na hewa tupu.

Baada ya uzito wowote kuongezwa, mizunguko ihesabiwe upya kwenye shamba lilelile. Ikisomeka kati ya asilimia 10 na 15, kazi ya kuongeza iishie hapo. Ikishuka chini ya 8, sehemu ya maji itolewe, au trekta lipewe gia ya juu kidogo na plau ileile.